Mizani ya Haki: Profesa Ernest Sumaili na Tiba ya Figo katika Kongo

Profesa Ernest Sumaili Kiswaya ni daktari wa figo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Anafundisha tiba katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, na kazi yake ya uganga imekuwa katika hospitali ya chuo hicho, kwenye kilima cha Mont-Amba. Jina lake halisikiki sana katika makusanyiko yetu ya mashariki. Hata hivyo, mtu akiugua figo leo Lubumbashi, Likasi, Kalemie au Bukavu, mambo mengi ambayo daktari anaweza kusema juu ya ugonjwa huo miongoni mwa Wakongo yanatoka katika tafiti alizoziongoza au alizoshiriki.

Tumeona vema kuandika habari ya kazi yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, ugonjwa wa figo umeingia katika nyumba za washirika wetu, na sisi wachungaji tumezika watu ambao ugonjwa wao ulipata jina katika wiki ya mwisho ya maisha yao. Ya pili, kazi ya daktari huyu inagusa jambo ambalo Maandiko yanalisema mara nyingi, yaani kipimo cha haki. Katika Mambo ya Walawi 19:35-36 Mungu anawaamuru watu wake wawe na mizani na vipimo vya kweli. Tumezoea kuhubiri maneno hayo kwa wauzaji wa sokoni. Hapa tutaona yanavyohusu pia maabara ya hospitali.

Figo hufanya nini

Kila mtu huzaliwa kwa kawaida na figo mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi yake. Ziko upande wa mgongo, chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Damu yote ya mwili hupita humo tena na tena, hata figo za mtu mzima mwenye afya huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, na takataka hutoka katika mkojo, lita moja au mbili tu. Figo pia husawazisha chumvi na maji, husaidia kurekebisha tansio (shinikizo la damu), na hutoa kichocheo kinachouambia mwili utengeneze damu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo mara nyingi hupungukiwa damu na tansio yake hupanda.

Madaktari hugawa ugonjwa sugu wa figo katika ngazi tano, wakitumia kasi ya kuchuja. Kasi ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu. Hata aliye juu ya 60 huhesabiwa hivyo kama mkojo wake unaendelea kuonyesha dalili ya uharibifu, hasa protini. Kasi ikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa. Hapo mtu anahitaji mashine ya kusafisha damu, inayoitwa dializi, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na saa zipatazo nne kila mara, au apandikizwe figo ya mtu mwingine.

Ugumu wake ni kwamba figo hazilalamiki mapema. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake huku akilima, akiuza na kuimba kwaya kama kawaida. Miguu inapovimba, pumzi inapokata na kutapika kunapoanza, mara nyingi muda umekwisha kupita.

Kutoka hospitali kwenda mitaani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa figo wa Kinshasa waliwaona wagonjwa walioletwa wakiwa katika ngazi ya mwisho. Mmoja wa madaktari hao alikuwa Profesa Nazaire Nseka Mangani, ambaye Sumaili alifanya naye kazi katika tafiti zake za kwanza. Mwaka 2007 Sumaili, pamoja na Profesa Jean-Marie Krzesinski wa Liège, Ubelgiji, na daktari Mmarekani Eric Cohen, waliandika juu ya ugonjwa wa figo katika Afrika kusini mwa Sahara, wakichukua Kongo kuwa mfano. Waliuita maporomoko, na wakauliza jinsi ya kuyakabili katika nchi ambayo wagonjwa wengi hawawezi kulipia dializi.

Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa kukaa hospitalini. Hospitali humhesabu yule tu aliyefika mlangoni. Asiye na nauli, asiye na fedha ya kumwona daktari, au asiyejua kwamba anaumwa, hamo katika daftari lake. Daktari akitaka kujua ukubwa wa ugonjwa, na hasa akitaka kujua unavyowagusa maskini, hana budi kutoka nje.

Nafasi ilipatikana katika Siku ya Figo Duniani. Siku hiyo ilianzishwa mwaka 2006 na huadhimishwa kila Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi. Mwaka 2007, kwa siku hiyo, Sumaili na wenzake walipima watu zaidi ya 3,000 mjini Kinshasa. Waliwauliza habari za afya zao, wakawapima tansio na uzito, na wakapima mkojo kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi vikikuta protini. Asilimia 17.1 walikuwa na protini katika mkojo. Figo nzima haziruhusu protini ipite kwa wingi, kwa hiyo ni dalili ya kwanza kwamba kichujio kinatoboka. Kwa mtu mmoja inaweza kuwa homa ya siku mbili tu, na ndiyo maana kipimo hurudiwa. Lakini kwa watu wengi kiasi hicho ilikuwa onyo kubwa.

Utafiti wa 2009

Upimaji wa namna hiyo una kasoro moja. Wanaokuja kupimwa kwa hiari wanaweza kuwa tofauti na wale wanaobaki nyumbani. Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa kuchagua watu kwa kura. Sumaili na wenzake walichukua watu wazima 503 katika maeneo 10 kati ya maeneo 35 ya afya ya Kinshasa, wakawapima damu na mkojo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 katika jarida la Ulaya la madaktari wa figo.

Waligundua kwamba asilimia 12.4 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, yaani karibu mtu mmoja kati ya wanane. Asilimia 27.6 walikuwa na tansio ya juu, asilimia 11.7 walikuwa na ugonjwa wa sukari, na asilimia 14.9 walikuwa wanene kupita kiasi. Tansio ya juu na umri ndivyo vilivyoambatana zaidi na ugonjwa wa ngazi ya tatu.

Tunaomba msomaji aangalie ngazi hizo. Asilimia 7.8 ya wote waliopimwa walikuwa katika ngazi ya tatu, na asilimia 0.2 tu walikuwa katika ngazi ya tano. Wale wa ngazi ya tano ndio wanaoonekana hospitalini, ndio ambao bahasha za michango hupitishwa kwa ajili yao siku ya Jumapili. Nyuma yao wako wengi ambao figo zao zimepungua nguvu lakini hazijashindwa. Kwa hao, vidonge vya tansio vinavyomezwa kila siku, kupunguza chumvi, na kuacha dawa zinazoumiza figo vinaweza kuchelewesha dializi kwa miaka mingi, na wengine hawatafikia dializi kamwe. Vidonge hivyo vina bei, lakini bei yake haikaribii bei ya mashine.

Hatupaswi kuchukua takwimu za Kinshasa na kuzibandika juu ya Lubumbashi au kijiji cha Tanganyika. Vyakula, kazi na maradhi vinatofautiana. Lakini njia aliyoitumia daktari huyu inaweza kufuatwa popote, na sisi Waprotestanti tuna sehemu katika msingi wake. Maeneo ya afya, ambayo yalimwezesha kuchagua watu kwa utaratibu, yalijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada pia wa mradi wa SANRU, ulioanzishwa mwaka 1981 chini ya Kanisa la Kristo katika Kongo. Mababa zetu wa imani walielewa kwamba afya ya kijijini inahitaji mpango na hesabu pamoja na huruma.

Mizani iliyopindwa

Sehemu ya pili ya kazi hii inahusu kipimo chenyewe. Maabara haipimi kasi ya kuchuja moja kwa moja kila siku. Hupima kreatinini, takataka inayotoka katika misuli na ambayo figo huitoa. Kreatinini ikizidi katika damu, figo zimepungua nguvu. Kisha hesabu hufanywa kwa kuingiza umri, na kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke, ili kupata makisio ya kasi.

Hesabu mbili zilizotumika sana duniani zilitengenezwa Marekani. Moja ilianza mwaka 1999 na nyingine ikatolewa mwaka 2009. Zote mbili ziliongeza jambo la nne, yaani rangi. Mgonjwa akiwa mweusi, matokeo yake yalizidishwa. Katika hesabu ya kwanza, kwa jinsi ilivyokuja kutumika, kizidisho kilikuwa 1.212, na katika ile ya 2009 kilikuwa 1.159. Sababu iliyotolewa ni kwamba Wamarekani weusi katika tafiti zile walionekana kuwa na kreatinini nyingi zaidi kwa kasi ileile ya kuchuja, na ikadhaniwa kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi.

Tuchukue mfano. Watu wawili wana umri mmoja na kreatinini moja. Hesabu ya 2009 inampa mzungu kasi ya 52, kwa hiyo anaambiwa kwamba figo zake zina ugonjwa na apewe rufaa. Yule mweusi anazidishiwa 1.159 na kupata 60. Karatasi yake inasema amevuka mpaka, arudi nyumbani. Hakuna aliyemchukia, wala hakuna aliyemdanganya kwa makusudi, ila jiwe lililowekwa katika mizani yake halikuwa na uzito wa kweli. Amosi 8:5 inawakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuipinda mizani. Sisi tungependa madaktari na wachungaji wasome sura hiyo pamoja.

Madaktari wa Kinshasa hawakuishia kulalamika. Walipima. Daktari Justine Bukabau, akifanya kazi pamoja na Sumaili na wataalamu wa Liège, alichunguza watu wazima wa Kongo wenye afya nzuri. Walidungwa dawa iitwayo ioheksoli, ambayo figo huitoa mwilini bila kuibadili, kisha damu ikachukuliwa kwa vipindi ili kuona inapungua kwa kasi gani. Kipimo hiki ni kigumu na cha gharama, lakini kinaonyesha kasi ya kweli, nayo ikalinganishwa na makisio ya hesabu za Marekani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kizidisho cha rangi hakikuwafaa Wakongo, na hesabu zilikaribia ukweli zaidi zilipoachwa bila hicho. Mwaka 2019 utafiti mwingine uliowaunganisha watu wa Kinshasa na Abidjan ulielekea upande uleule.

Huko Marekani nako mjadala ulikuwa umepamba moto. Mwezi wa Septemba 2021 jopo la vyama viwili vya figo vya nchi hiyo lilipendekeza hesabu mpya isiyo na rangi. Kisha, kuanzia Januari 2023, hospitali za upandikizaji za Marekani zilitakiwa kuwatafuta wagonjwa weusi walioandikishwa kwa kuchelewa kwa sababu ya hesabu ya zamani na kuwarudishia muda wao katika foleni ya kupata figo. Maelfu walirudishiwa. Mtu anayengoja figo huokolewa au hupotea kwa muda huo.

Hata hivyo, kuondoa kizidisho hakujamaliza tatizo. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, ambamo yumo daktari wa figo Robert Kalyesubula wa Makerere, lilionyesha kwamba hesabu za kreatinini bado huwapa watu wa nchi hizo alama ya juu kuliko ukweli. Mtu aliyekosa chakula cha kutosha, mwenye misuli michache, hutoa kreatinini kidogo, na figo zake huonekana nzima kumbe sivyo. Kwa vipimo bora zaidi, idadi ya wenye figo dhaifu katika watu waliowachunguza ilizidi mara mbili ile iliyotajwa na kreatinini. Kwa hiyo maskini hupunjwa hata pale ambapo rangi haikuhesabiwa.

Nani apewe mashine

Jambo la haki katika dializi lilianza tangu mashine zilipoanza. Mwaka 1960, mjini Seattle, daktari Belding Scribner alipata njia ya kumuunganisha mgonjwa na mashine tena na tena, na watu waliokuwa wanakufa wakaanza kuishi. Mashine zilikuwa chache mno. Ikaundwa kamati ya watu saba wa mji kuchagua nani aingie. Mwaka 1962 gazeti la LIFE lilieleza habari zake. Kati ya saba hao alikuwamo mhudumu wa dini, pamoja na mwanasheria, mwenye benki, mama wa nyumbani, mfanyakazi wa serikali, kiongozi wa wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Walipima mali ya mtu, kazi yake, watoto wake, na hata kama anahudhuria kanisa.

Tukisoma habari hiyo tunajiuliza tungefanyaje sisi tukiketi katika kiti cha mhudumu yule. Kumpa uhai mshirika mwaminifu na kumnyima yule asiyekuja ibadani? Bwana wetu hakuwauliza wenye ukoma mahudhurio yao. Marekani iliondokana na shida ile kwa sheria: mwezi wa Oktoba 1972 serikali ilikubali kulipia dializi ya karibu kila mgonjwa wa figo zilizoshindwa.

Kwetu hakuna kamati, na ni fedha inayochagua. Mashine ziko katika hospitali chache za miji mikubwa. Familia huuza kiwanja, kisha pikipiki, kisha huja kanisani. Mara nyingi mgonjwa hufanyiwa dializi kwa wiki chache, fedha inakwisha, anapunguza kutoka mara tatu hadi mara moja, kisha anaacha. Hesabu ya watafiti iliyochapishwa mwaka 2015 ilisema kwamba mwaka 2010 watu milioni 2.6 duniani walipata dializi au figo mpya, na wasiopungua milioni 2.3 huenda walikufa mapema kwa kuzikosa. Wengi wa hao walikuwa Asia na Afrika. Mwezi wa Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza juu ya afya ya figo. Ni jambo jema, lakini azimio halijamfikia mama wa Katuba anayehesabu noti zake mbele ya dirisha la malipo.

Lubumbashi na nchi ya migodi

Katika Haut-Katanga na Lualaba tuna jambo la kuongeza ambalo Kinshasa haina kwa kiasi chetu. Ni vumbi la migodi na moshi wa viwanda vya kuyeyusha madini. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo wa Leuven, walichapisha utafiti wa mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti, shaba, risasi, kadimi na urani kwa wingi kuliko walioishi mbali. Kobalti ya mikojo yao ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuonekana kwa raia wa kawaida, na watoto walizidi watu wazima.

Utafiti huo ulipima madini mwilini, haukuhesabu figo zilizoshindwa. Lakini inajulikana tangu zamani kwamba kadimi hukusanyika ndani ya figo na kukaa humo miaka mingi, na kwamba kadimi na risasi huziharibu. Kwa hiyo daktari wa Lubumbashi anayemwona mchimbaji, au mama anayetwanga na kuosha mawe ya madini, ana sababu ya kuagiza kipimo cha figo. Na kanisa linapozungumza na wenye migodi juu ya shule na barabara, lina sababu ya kutaja pia maji, vumbi na vipimo vya mkojo.

Makusanyiko yafanye nini

Hatuwezi kununua mashine kwa kila parokia, wala si wito wetu. Lakini kazi ya Profesa Sumaili inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya wokovu wa figo hupatikana kabla ya mashine, kwa vifaa ambavyo vituo vyetu vingi vya afya vinavyo au vinaweza kuvipata.

Kwanza, kupima tansio kanisani. Karibu kila kusanyiko lina muuguzi au mwanafunzi wa uuguzi. Mara moja kila miezi mitatu, baada ya ibada, watu wazima wapimwe. Mwenye 140 kwa 90 au zaidi apimwe tena siku nyingine, na ikibaki hivyo aende kituo cha afya na karatasi mkononi. Mwezi wa Machi, karibu na Siku ya Figo, upimaji wa mkojo uongezwe kwa wenye tansio, wenye sukari, wenye virusi vya UKIMWI, wanaofanya kazi za madini, na wale ambao ndugu yao aliugua figo.

Pili, siri ya mgonjwa itunzwe. Matokeo yasitangazwe mimbarani, hata kwa nia ya kumwombea mtu. Anayeogopa kutajwa hatakuja kupimwa mwaka unaofuata.

Tatu, kusaidia vidonge kabla ya dializi. Tunaomba wazee wa makanisa walitafakari hili. Sadaka ya huruma hutolewa haraka mgonjwa anapolala kitandani, na ni vema. Lakini mjane mwenye tansio anayekosa dawa kila mwisho wa mwezi haombi kwa sauti, kwa sababu haumwi popote. Kumsaidia mwaka mzima kunaweza kulinda figo zake.

Nne, kufundisha juu ya vitu vinavyoumiza figo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kimoja kimoja sokoni, zisimezwe siku nyingi bila ushauri wa daktari. Mizizi isiyojulikana kipimo chake ni hatari hasa kwa aliye mgonjwa tayari. Na mafuta ya kujichubua ngozi ni jambo la kusema wazi kwa dada zetu na hata kaka zetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza juu ya watu wazima waliovimba mwili na kupoteza protini nyingi katika mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki.

Tano, kuuliza maabara. Mgonjwa anayepimwa kreatinini ana haki ya kuuliza kasi yake ni ngapi, na kama hesabu imezidishwa kwa ajili ya rangi. Aombe ile isiyo na rangi, kama ya 2021. Na aliyekonda sana amkumbushe daktari kwamba kreatinini yake inaweza kuficha ukweli.

Sita, kuomba bila kumkataza mtu dawa. Tumesikia wagonjwa wakiambiwa waache vidonge ili waonyeshe imani. Tansio ya mtu aliyeacha vidonge hupanda kimya, na aliyemshauri hayupo usiku pumzi inapokata. Kumwekea mtu mikono na kumkumbusha dawa ya jioni vinaweza kufanywa na mchungaji mmoja, siku moja.

Figo katika Maandiko

Tulipokuwa katika shule ya theolojia tulijifunza jambo ambalo tafsiri zetu hazilionyeshi. Katika Zaburi 139:13, pale Biblia yetu ya Kiswahili inapotaja mtima ulioumbwa na Mungu, neno la Kiebrania ni figo. Ni hivyo pia katika Yeremia 17:10, ambapo tafsiri ya zamani imesema viuno. Kwa Waebrania, figo zilikuwa mahali pa ndani kabisa, panapoonwa na Mungu peke yake. Mtunga zaburi anapomshukuru Muumba kwa jinsi alivyofanywa, anaanza na viungo hivi viwili vilivyofichwa, vinavyofanya kazi bila mtu kuvisikia.

Basi daktari anayetafuta kilichofichika ndani ya figo za mtu wa mtaani, na kukataa kumpima kwa jiwe la uongo, anafanya kazi iliyo karibu na mapenzi ya Mungu. Tunamshukuru Mungu kwa Profesa Sumaili, kwa Daktari Bukabau, kwa Profesa Banza wa hapa kwetu, na kwa wauguzi wote wanaoshika kipimo cha tansio katika vituo visivyo na umeme. Tuwaombee. Na Jumapili ijayo, kabla ya kufunga ibada, mchungaji amuulize muuguzi wa kusanyiko lake kama mashine yake ya kupimia tansio inafanya kazi.